Wimbo Uliouza Mabati

Kila Jumamosi, Chepkosgei na Wangeci waliuza pamoja katika soko la Rongai. Chepkosgei alileta maharagwe na vitunguu. Wangeci alileta sukuma wiki na dania. Walitandika gunia moja chini, wakagawana nafasi. Mmoja akienda kunywa chai, mwenzake aliuza vitu vya wote wawili.

Mwaka huo wa 2008, jambo hilo halikuwa dogo. Mwezi wa Januari, vita vya baada ya uchaguzi, kati ya jamii ya Chepkosgei na jamii ya Wangeci, vilifika kijijini kwao. Nyumba ya Wangeci ilichomwa. Wangeci alikimbia na watoto wake watatu, Wariara na wadogo zake, wakaishi kwenye hema mjini Nakuru. Chepkosgei alibaki na mbuzi wawili wa Wangeci na uzito mkubwa moyoni. Hakuchoma nyumba ya mtu. Lakini pia hakuweza kuwazuia waliochoma.

Hapo ndipo alipotunga wimbo. Alikuwa akiongoza kikundi cha akina mama cha kuimba, na kutunga alikujua. Aliandika maneno kwenye daftari kuukuu. Alifuta, akaandika tena. Wimbo ulisema hivi:

*Jirani, rudi nyumbani,*
*Shamba lako linakuita.*
*Nachota maji ya kisima,*
*Bila wewe hayaniingii.*

Mwezi wa Juni, Wangeci alirudi. Akina mama walisimama njiani wakamwimbia wimbo huo. Wangeci alikuwa akitazama kuta nyeusi za nyumba yake. Alianza kulia. Kisha, katikati ya kilio, akawajibu kwa kuimba:

*Nimerudi, dada, nimerudi.*

Tangu siku hiyo waliuza pamoja.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, lori jekundu liliingia sokoni. Lilikuwa na spika nne kubwa. Ubavuni lilichorwa nyumba yenye paa linalong'aa. Vijana wawili walikuwa wakicheza dansi juu yake. Watu walikusanyika kutazama.

Kisha wimbo ukaanza.

*Jirani, rudi nyumbani...*

Chepkosgei aliinua kichwa. Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa yake mwenyewe.

Mara sauti ya mwanamume ikaingilia. "Mabati mapya yanakuita!"

Halafu ikaja sauti ya Wangeci, pamoja na kilio chake cha siku ile. *Nimerudi, dada, nimerudi.*

"Nimerudi kwa mabati imara!" mwanamume akapaza sauti tena. "Hayashiki kutu!"

Watu walicheka. Mmoja wa wale wachezaji alijifanya analia, akajipangusa machozi kwa kipande cha bati. Watu wakacheka zaidi.

Wangeci alisimama. Sukuma wiki zilianguka kutoka mapajani mwake.

"Mama Cheruto," alimwambia Chepkosgei polepole, "uliwauzia?"

"Niliwauzia nini?"

"Kilio changu."

"Haki ya Mungu, Mama Wariara, hata mimi sijui wamekitoa wapi!"

"Siku ile nililia mbele ya watu wangu," Wangeci alisema. "Ama nilidhani ni watu wangu. Kumbe nilikuwa nalia ili watu wanunue mabati."

Aliokota sukuma wiki zake, akaenda. Jumamosi iliyofuata aliketi upande wa pili wa soko. Alitandika gunia lake peke yake.

Nyumbani, Chepkosgei alikosa hamu ya kula. Mume wake, Micah, alijaribu kumtuliza.

"Sasa utafanya nini?" alimwuliza. "Wimbo si mbuzi, useme utaufunga kamba. Watu wameusikia, wameuchukua. Umeenda."

"Wimbo ukienda, sawa," Chepkosgei alijibu. "Lakini umeenda na rafiki yangu."

Ijumaa, binti yao Cheruto alifika kutoka Nakuru. Alikuwa akisomea kazi ya ofisi katika chuo kimoja mjini. Mama yake alimweleza habari ya lori. Cheruto aliiweka simu yake mezani kana kwamba imemchoma.

"Mami," alisema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Siku ile ya kumpokea Mama Wariara, niliwarekodi na simu. Halafu nikaenda saiba Nakuru, kwa zile kompyuta za kulipia, nikaweka wimbo kwa mtandao. Nilikuwa najivunia. Nilitaka watu wasikie vile mnaimba."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Ulimwuliza Mama Wariara?"

"Hapana, mami. Lakini sikuwapa watu wa mabati! Hata siwajui."

"Uliweka kitu cha wenyewe barabarani," Micah alisema. "Wao wakaokota."

Cheruto alilia. Mama yake hakumpiga wala kumtukana. Mwishowe Cheruto alijipangusa macho.

"Kuna mwanamke mjini anaitwa Sonal," alisema. "Ana duka la muziki na studio ndogo nyuma. Watu wa nyimbo wakiwa na shida huenda kwake. Twende Jumatatu."

Duka la Sonal lilikuwa katikati ya mji wa Nakuru. Baba yake alilifungua zamani, wakati wa kaseti. Bado rafu moja ilikuwa imejaa kaseti za zamani, ingawa hakuna mtu aliyezinunua tena. Sonal alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani na sauti ya upole. Aliwapa viti, akaagiza chai. Kisha akasikiliza habari yote bila kukatiza.

"Kwanza niambie, mama," Sonal alisema baada ya Chepkosgei kumaliza. "Huu wimbo, uliuandika mahali?"

"Kwa daftari. Iko nyumbani, chini ya godoro."

"Vizuri sana. Usiipoteze hiyo daftari."

"Lakini sikuuandikisha kwa serikali. Sina cheti chochote."

"Huhitaji cheti," Sonal alisema. "Ukitunga kitu kwa akili yako mwenyewe, halafu ukakiandika au kikarekodiwa, haki yako inaanza hapo hapo. Hiyo haki inaitwa hakimiliki. Maana yake ni kwamba wewe mtungaji ndiye unaamua nani anakili kazi yako, nani anaiuza, nani anaitangaza. Ni yako maisha yako yote. Ukishaondoka duniani, familia yako inaishika miaka mingine hamsini."

Chepkosgei aliweka kikombe chini. "Mimi? Mama wa kuuza vitunguu?"

"Sheria haijauliza unauza nini."

"Lakini si niliiweka kwa mtandao?" Cheruto aliuliza kwa woga. "Huko si kila kitu ni ya bure?"

Sonal alionyesha dirishani. Baiskeli moja ilikuwa imeegemezwa ukutani, nje ya duka la jirani.

"Unaona ile baiskeli? Iko nje. Kila mtu anapita anaiona. Ukiichukua, utasema ilikuwa ya bure?"

"Hapana."

"Mtandao ni hivyo hivyo. Kitu kikionekana, si kwamba kimepeanwa. Wewe ulikosea, kwa sababu hukuomba ruhusa. Lakini kosa lako halikumpa mtu mwingine wimbo wa mama yako. Huwezi kupeana kitu ambacho si chako."

Chepkosgei alikuwa bado na shaka. "Hii sheria ni ya lini?"

"Ya mwaka wa 2001."

"Wakati huo sisi Rongai tulikuwa tunapiga foleni kwa kibanda cha simu. Hizi simu za kurushiana nyimbo hazikuwa. Sheria ya wakati wa kaseti itajuaje mambo ya siku hizi?"

Sonal alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kumdharau. Aliinuka akatoa kaseti moja kwenye rafu.

"Hilo swali hunisumbua mimi pia," alisema. "Baba yangu aliuza hizi. Mwizi wa kaseti alihitaji mashine, na kaseti tupu, na siku nzima ya kukaa hapo anakili. Siku hizi mtu ananakili wimbo akingojea chai ipoe."

Alifungua kijitabu kilichochakaa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Lakini sheria haijasema kaseti peke yake. Imesema kunakili. Ukinakili kwa kaseti, umenakili. Ukinakili kwa simu, umenakili. Ukinakili kwa kompyuta ukaweka kwa lori lenye spika, umenakili na umetangaza."

"Kwa hivyo sheria inatosha?"

"Kwa watu wa mabati, inatosha. Kwa mambo yote, hapana, sitakudanganya. Mwenye lori anajulikana, tutamwandikia barua. Lakini watu elfu moja wakirushiana wimbo kwa simu, nitawaandikia barua ngapi? Hapo sheria inatembea kwa miguu na wanaonakili wako kwa pikipiki. Wanaotunga sheria bado wana kazi. Lakini wewe usiache haki uliyo nayo leo ukingojea ile ya kesho."

Chepkosgei alifikiri. Kisha akauliza jambo lililomuuma zaidi.

"Madam, mimi sitafuti pesa yao. Wamekata wimbo. Wamefanya watu wacheke kilio cha mtu. Sheria ina neno juu ya hilo?"

"Ina neno," Sonal alisema. "Jina la mtungaji lazima litajwe. Na hakuna mtu anaruhusiwa kuharibu kazi yako kwa njia ya kukuvunjia heshima. Hiyo haki ni yako, hata kama hakuna shilingi moja ndani yake." Alivua miwani. "Na huyu anayejibu, anayelia, ni nani?"

"Ni huyo jirani yangu."

"Alikubali sauti yake itumike?"

"Hata hakujua anarekodiwa."

"Basi yeye pia ana haki yake. Mtungaji ana haki juu ya wimbo. Mwimbaji ana haki juu ya uimbaji wake. Nendeni pamoja kwa ofisi ya watu wa mabati."

"Hanisemeshi."

"Basi kazi ya kwanza haiko kwa mabati," Sonal alisema. "Iko kwake."

Wangeci na watoto wake walikuwa wakiishi kwenye chumba kimoja cha miti na turubai, kando ya kuta za nyumba ya zamani. Jioni ile ile Chepkosgei na Cheruto walimkuta akichambua maharagwe. Hakuwakaribisha. Hakuwafukuza pia.

Cheruto hakungoja mama yake aanze.

"Mama Wariara, ni mimi niliyewarekodi," alisema. "Niliweka kwa mtandao bila kuwauliza. Mami hakujua kitu. Hakuuza. Watu wa mabati waliutoa huko."

Mkono wa Wangeci ulisimama juu ya ungo.

"Ulinirekodi nikilia?"

"Ndiyo."

"Ukaona ni kitu cha kuonyesha watu?"

"Nilisikia wimbo tu," Cheruto alisema, na sauti yake ikapotea. "Kilio sikukisikia. Sasa nimekisikia. Nisamehe."

Wangeci alimtazama. Kisha akamgeukia Chepkosgei. "Kwa nini hukunifuata siku ile sokoni?"

"Niliogopa. Niliona kama una haki ya kunikasirikia kwa mambo mengi, si wimbo peke yake."

Maneno hayo yalikaa katikati yao. Tangu Juni hawakuwa wamezungumza juu ya Januari. Wangeci aliweka ungo chini.

"Keti, Mama Cheruto," alisema. "Umesimama kama mtu wa kudai kodi."

Chepkosgei aliketi. Alimweleza yote aliyosema Sonal. Alipofika kwenye haki ya mwimbaji, Wangeci alimsimamisha.

"Rudia hapo. Amesema mimi pia nina haki?"

"Amesema. Hata sheria imeandika. Mtu hawezi kutumia uimbaji wako bila kukuuliza."

Wangeci alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini. "Januari walichukua nyumba, hakuna mtu aliniuliza. Walichukua godoro, walichukua hata mlango. Hakuna sheria ilikuja." Alisimama, akafungua begi lake akatoa kitambaa chake kizuri cha kichwa. "Hii sauti hawatachukua. Hiyo ofisi inafunguliwa saa ngapi?"

Ofisi ya kampuni ya mabati ilikuwa upande wa viwanda, Nakuru. Wanawake wale wawili walifika asubuhi, kila mmoja amevaa nguo zake za kanisani. Chepkosgei alibeba daftari. Wangeci alibeba barua ambayo Sonal aliwasaidia kuandika. Sonal alitaka kuwasindikiza, lakini Wangeci alikataa.

"Asante," alimwambia. "Umetufundisha. Sasa wacha tuone kama tumeelewa."

Meneja wa matangazo aliitwa Kemboi. Alikuwa kijana wa tai na viatu vilivyong'aa. Aliinuka kwa heshima.

"Karibuni, wamathe. Mnatafuta mabati ya geji gani, mazito au mepesi?"

"Hatukuja kwa mabati," Chepkosgei alisema. "Tumekuja kuchukua wimbo wetu."

Kemboi hakuelewa. Walipomweleza, alitabasamu.

"Ah, ule wimbo! Watu wanaupenda sana. Lakini nilitoa kwa mtandao, mathe. Haukuwa na jina la mtu. Kitu iko kwa mtandao ni ya kila mtu. Na nitajuaje ni wenu?"

Chepkosgei aliweka daftari mezani, akalifungua. Kemboi aliona maneno ya wimbo. Aliona mistari iliyofutwa na iliyoandikwa tena. Katika mstari wa nne, neno moja lilikuwa limebadilishwa mara tatu. Tarehe ilikuwa juu ya ukurasa, mwezi wa Februari.

"Mtu anaweza kuandika daftari jana," alisema, lakini sasa hakuwa akitabasamu.

Wangeci hakubishana naye. Alisimama pale pale, katikati ya ofisi, akafumba macho, akaimba.

*Nimerudi, dada, nimerudi.*

Makarani waliacha kuandika. Msichana mmoja aliyekuwa akipiga chapa aligeuka na kiti chake. Dereva aliyekuwa mlangoni na funguo mkononi alivua kofia. Kila mmoja katika ofisi hiyo alikuwa amesikia sauti hiyo mara mia. Sasa walimwona mwenyewe.

"Hapo nilikuwa natazama nyumba yangu iliyochomwa," Wangeci alisema, akafumbua macho. "Wewe umeweka hapo mabati."

Kemboi alimgeukia. "Mama, pole. Sikujua."

Chepkosgei alikuwa akitazama ukutani. Kalenda ya kampuni ilikuwa imetundikwa hapo, na picha ya nyumba nzuri. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo. Alisogea karibu, akasoma kwa sauti.

"'Haki zote zimehifadhiwa. Usinakili picha hii bila ruhusa.' Hii kalenda ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Kwa nini mmeandika hivi?"

"Ni ili watu wasije wakatumia picha yetu..." Kemboi aliishia hapo.

"Basi unaijua hakimiliki," Chepkosgei alisema. "Ulidhani ni ya wenye kalenda peke yao."

Kemboi akajaribu njia nyingine. "Mama, umesema nyumba yako iliungua. Tunaweza kukupa mabati. Zawadi kutoka kwa kampuni. Tumalize haya mambo kirafiki."

Chepkosgei alimtazama Wangeci kwa pembe ya jicho. Aliujua ule mlio wa mvua juu ya turubai. Alijua jirani yake alihitaji mabati kuliko mtu yeyote katika ofisi ile. Kama Wangeci angekubali, hangemlaumu.

"Nyumba yangu itaezekwa," Wangeci alisema. "Lakini haitaezekwa kwa zawadi ya kuninyamazisha. Soma barua."

Kemboi aliisoma. Barua iliomba mambo manne. Tangazo lisimamishwe mara moja. Nakala zote za wimbo zifutwe kwenye mashine za kampuni. Kampuni iombe msamaha kwa sauti, katika kila soko ambapo lori lilipita, na itaje majina ya wenye wimbo. Na itoe fidia kwa maandishi, kwa jina hilo hilo la fidia. Kama siku saba zingepita bila jibu, wangepeleka malalamiko kwa ofisi ya hakimiliki Nairobi, na baadaye kortini.

"Siku saba," Chepkosgei alisema. "Tumeanza kuhesabu leo."

Walitoka nje. Walipofika kwenye lango walitazamana, wakaangua kicheko mpaka askari wa lango akatoka kuwaangalia.

Siku ya tano, simu ya Micah ililia. Mkurugenzi wa kampuni mwenyewe ndiye aliyepiga, akakubali mambo yote manne. Alikuwa amemwuliza wakili wake, na wakili alimwambia jambo moja tu: wale akina mama wanasema kweli.

Jumamosi iliyofuata, lori jekundu lilirudi Rongai. Safari hii hakuna aliyekuwa akicheza juu yake. Kemboi mwenyewe alipanda, akashika maikrofoni.

"Naitwa Kemboi," alisema. "Tulileta hapa tangazo lenye wimbo. Wimbo huo si wetu. Tuliuchukua bila ruhusa, tukaukata, tukaubadilisha. Umetungwa na Chepkosgei wa hapa Rongai. Anayejibu ni Wangeci, wa hapa Rongai. Tuliwakosea. Tunaomba msamaha mbele yenu nyote."

Mwanamke mmoja muuza mahindi alipiga kigelegele. Mwingine akajibu. Akina mama wa kikundi waliinuka kutoka kwenye magunia yao, mmoja baada ya mwingine, wakaja mbio hadi mbele ya lori. Waliimba wimbo wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila spika hata moja. Wale waliocheka mara ya kwanza walisimama wakisikiliza. Wangeci alipofika kwenye sehemu yake, aliimba akiwa amenyoosha shingo, na macho yake yalikuwa makavu.

Kwa fidia ile, kikundi kiliurekodi wimbo vizuri kwenye studio ya Sonal. Juu ya kila CD waliandika jina la mtungaji, majina ya waimbaji wote, na mwaka. Sonal aliwaambia waweke stika rasmi ya kuzuia nakala za wizi, nao wakaweka. Juu ya sehemu iliyobaki walikubaliana wote kwa kauli moja. Iliezeka nyumba ya Wangeci.

Lakini bado tangazo la zamani lilikuwa kwenye simu za watu. Siku moja kijana wa kupakia magunia alipigiwa simu sokoni, na simu yake ikalia: *Nimerudi kwa mabati imara!* Chepkosgei alikunja uso. Wangeci alimwendea yule kijana bila hasira.

"Niaje, boss," alimwambia. "Hiyo sauti ni yangu. Imeharibiwa. Ifute, nami nitakupa yenyewe ile nzuri."

Kijana aliona haya, akaifuta pale pale. Cheruto, aliyekuwa amekuja likizo, alimrushia wimbo halisi, kwa ruhusa ya mama yake na ya Wangeci. Jioni hiyo vijana wengine wanane walikuja kuubadilisha. Wengine hawakuja, na pengine hawatakuja.

"Sheria imefika mpaka kwa lori," Chepkosgei alimwambia Sonal walipokutana. "Kwa simu ilibidi tufike wenyewe."

"Waandikie hivyo watunga sheria," Sonal alisema. Nao waliandika barua. Cheruto ndiye aliyeipiga chapa.

Mwezi wa Oktoba ilikuja barua nyingine, ikitoka kwa mwalimu wa shule ya msingi kule Sachangwan. Wanafunzi wake, aliandika, walikuwa watoto wa jamii mbalimbali. Wengine walikuwa wamerudi darasani juzi tu. Aliusikia wimbo, akaupenda. Je, wenyewe wangeruhusu watoto wauimbe siku ya wazazi?

Wanawake hao wawili waliisoma mara mbili. Hakuna mtu aliyewahi kuwaomba ruhusa ya kitu chochote kwa barua.

"Tukitaka, tunaweza kusema hapana," Wangeci alisema, kama mtu anayeonja chakula kipya.

"Tunaweza."

"Andika ndiyo."

Siku ya wazazi walialikwa kama wageni. Baridi ilikuwa kali, na ukungu ulikuwa bado kwenye miti. Watoto sitini walijipanga mistari uwanjani. Mwalimu alisimama mbele yao na karatasi mkononi.

"Wimbo huu umetungwa na Chepkosgei," alisema. "Mwitikio ni wa Wangeci. Tunauimba kwa ruhusa yao, na leo wenyewe wako hapa."

Watoto waliimba. Walipofika kwenye mwitikio, wazazi hawakuweza kunyamaza. Uwanja mzima uliitikia. Walikuwapo waliochomewa, na walikuwapo ambao majirani zao walichomewa. Kwa wimbo huo, waliokuwa wakitazama miguu yao waliinua nyuso.

Mwalimu aliwaomba wageni wasimame ili watu wawaone. Wangeci alisimama kwanza. Kisha alimshika Chepkosgei mkono, akamwinua. Watu wote waliinuka wakapiga makofi, wakapiga tena, na mwalimu aliomba mara tatu waketi kabla hawajakubali.